Barua ya wazi kwa mabinti wanaocheza tenisi

Wajukuu zangu,

Nilikaa jukwaani mpaka mwisho wa fainali yenu. Mlangoni tulilipa kiingilio, na mabango ya wadhamini yalizunguka uwanja mzima. Binti aliyeshinda akapewa kikombe na cheti. Alipouliza, kwa adabu kabisa, kuhusu nauli ya kurudi kwao, kiongozi mmoja akamjibu mbele ya watu kwamba mchezaji wa kweli hachezi kwa ajili ya pesa. Watu wakapiga makofi. Na ninyi mkapiga! Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Maneno yale ni ya zamani. Suzanne Lenglen, mcheza tenisi Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1899, aliishi nayo ujana wake wote. Alitwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja wa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, mara sita. Mara ya kwanza, 1919, alimwangusha Dorothea Lambert Chambers, aliyekwisha kuushinda mara saba, kwa 10-8, 4-6, 9-7. Mwaka 1922 Wimbledon ilihamia uwanja mkubwa zaidi, na wingi wa watu waliofurika kumtazama binti huyu ulichangia. Februari 1926, alipokutana na Helen Wills wa Marekani huko Cannes, Ufaransa, tiketi zililanguliwa, na waliokosa nafasi wakapanda juu ya mapaa na miti. Alishinda 6-3, 8-6. Wenye tiketi wakahesabu fedha. Bingwa, kwa kanuni za mchezo wa ridhaa, yaani wa wasiolipwa, hakuruhusiwa zawadi ya hata faranga moja.

Mwaka huohuo akachoka. Akasaini mkataba na promota wa Kimarekani, C. C. Pyle, wa Dola 50,000, akaenda kucheza kwa malipo, akaanzia ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Alieleza waziwazi kwamba ameuingizia mchezo mamilioni ya faranga, huku yeye akilipa ada ili aruhusiwe kucheza. Waliokuwa wakimshangilia wakamwona mwenye tamaa, na mashindano makubwa yakamfungia mlango. Alifariki 1938, akiwa na miaka 39. Wimbledon ilikuja kuwakubali wachezaji wa kulipwa mwaka 1968, na hata hapo bingwa wa kike, Billie Jean King, alipewa Pauni 750 wakati bingwa wa kiume, Rod Laver, alipewa 2,000. Zawadi sawa zilisubiri hadi 2007. Leo kombe la wanawake la Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, lina jina la Suzanne.

Sasa niambieni: siku ya fainali yenu, mlinzi wa geti hakulipwa? Mwenye kipaza sauti? Waliompikia mgeni rasmi? Mbona wao hawakuambiwa wafanye kwa mapenzi? Mtoto wa kiume akifunga mabao, mtaa mzima unamuuliza amesaini kwa shilingi ngapi. Wa kike akiuliza nauli, anaitwa hana adabu. Tumewalea hivyo sisi wazee, na tuna la kujibu. Lakini na ninyi, mbona mnatia saini fomu bila hata kuigeuza upande wa pili? Mnasoma shule, mnajua kusoma!

Mengine nitayasema kwa kifupi. Babake Suzanne alimtandikia leso uwanjani azilenge kwa mpira. Alijulikana pia kwa ukali uliomchosha mwanawe. Wazazi, chukueni leso, acheni ukali. Ukiugua, jitoe: bingwa huyu alijitoa Wimbledon ya 1924 kwa ugonjwa. Msiache masomo. Msichekane mavazi; yeye naye alisemwa kwa gauni fupi.

Nawapenda, ndiyo maana nafoka. Yule mshindi wenu nimeongea na mamake, na nauli imepatikana. Kabla ya mashindano yajayo, ulizeni kwa maandishi: kiingilio kinakwenda wapi, nani analipa usafiri, zawadi ni kiasi gani. Na fomu mtakazopewa, msisaini hapohapo. Zileteni nyumbani kwangu jioni tuzisome pamoja, na mje na wazazi.

Bibi yenu