Figo za mgonjwa wa kemo zilindwe tangu dripu ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalonikereketa tangu mama yangu alipotibiwa saratani ya shingo ya kizazi.

Alipangiwa mionzi na dripu ya sisplatini, dawa ya kemo (yaani dawa za kuua seli za saratani), kila wiki. Tulionywa kuhusu kichefuchefu na uchovu. Kuhusu figo, hatukudokezwa hata neno. Baada ya dripu ya pili mama alitapika siku mbili mfululizo, hata maji hayakukaa tumboni. Akalalamika kiuno. Mimi, kwa kumhurumia, nikaenda duka la dawa, nikanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, nikawa nampa asubuhi, mchana na usiku. Mkojo wake ukawa kidogo, wa rangi ya chai ya rangi. Nikadhani ni ugonjwa tu.

Wiki ya tatu kipimo cha kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, kilikuwa kimepanda na dripu ikaahirishwa. Ndipo daktari mmoja alipovuta kiti akatueleza. Sisplatini ina platinamu. Seli za mirija midogo ya figo huivuta kutoka kwenye damu na kuirundika ndani yake, nazo hufa. Mirija ikiumia, madini ya magnesiamu ambayo misuli huyahitaji huvuja na mkojo. Kumbe ndiyo maana vidole vya mama vilikuwa vikikakamaa akishika kikombe! Halafu diklofenaki, sawa na ibuprofeni, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mwili umekauka kwa kutapika, dawa iko ndani, na mimi nikaongeza ile. Niliumia sana kusikia hivyo.

Kinga ipo, na si ya ajabu. Mgonjwa atundikiwe maji ya chumvi kabla na baada ya dawa, yenye magnesiamu inapohitajika. Apewe dawa madhubuti za kuzuia kutapika, na akishindwa kunywa arudishwe hospitali siku hiyohiyo, asingoje kliniki. Kreatinini ipimwe kabla ya kila dozi na ilinganishwe na ya kwake ya mwanzo, kwa kuwa figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake huku karatasi ya maabara bado ikisoma kawaida. Figo zikiwa dhaifu, daktari anaweza kufikiria kaboplatini, dawa ya jamii hiyohiyo ya platinamu, ambayo dozi yake hukokotolewa kwa kufuata uwezo wa figo. Dawa nyingine za kemo zina njia zake za kuumiza figo: methotreksati ya dozi kubwa huganda kama chembechembe kwenye mkojo wenye asidi, hivyo mgonjwa hupewa bikaboneti kuondoa asidi hiyo. Na mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza kiasi cha maji anachoruhusiwa.

Tangu siku ile nilianza daftari: uzito wa mama kila asubuhi, maji aliyokunywa, mkojo aliotoa kwenye jagi nililolichora mistari kwa kalamu. Muuguzi alikuwa akilisoma kabla ya kutundika chochote. Mama alimaliza matibabu, ingawa figo hazijarudi zote na bado anapimwa.

Ninachoomba kwa wanaotoa kemo ni dakika tano, tena mumwite anayemuuguza, si mgonjwa peke yake. Mgonjwa amelala, hana nguvu. Anayekwenda duka la dawa usiku ni sisi.

Binti wa mgonjwa