Kwa vijana wa ulinzi shirikishi, Pasua, Moshi: ombeni tochi

Wanangu,

Nimesikia mnaandaa barua ya kuomba vifaa ambavyo jeshi halivihitaji tena: mabuti, makoti, hata gari likipatikana. Hoja yenu ni kwamba Marekani wanagawa. Ni kweli wanagawa. Mpango wao unaitwa 1033, kutokana na sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 1997. Polisi wa mji au kaunti wanapewa bure. Usafiri na matengenezo wanajilipia.

Vingi ni mablanketi, jenereta na samani za ofisi, navyo sina ugomvi navyo. Nina ugomvi na yale magari ya deraya yaliyoundwa kuhimili mabomu ya kutegwa huko Iraq, yakaishia kwenye vimji vya watu wanaolima mahindi. Tena kuna sharti: kifaa kianze kutumika ndani ya mwaka 1, la sivyo kirudishwe. Sasa mkuu wa polisi ana deraya uani na miezi inakatika. Si atalitafutia kazi? Mwaka 2014, watu wa mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, walipoandamana baada ya polisi kumpiga risasi kijana Michael Brown, walikutana na deraya na bunduki zilizoelekezwa kwao. Rais Obama akauwekea mpango huo vizuizi 2015; Trump akaviondoa 2017.

Mwaka huohuo wa 2017, wakaguzi wa serikali yao walibuni idara ya usalama isiyokuwapo, wakaomba kwenye mpango huo, wakapewa vifaa zaidi ya 100 vya thamani ya dola milioni 1.2. Hakuna aliyekwenda kuangalia kama ofisi ipo! Mimi niliyekaa bohari nilisoma hilo mara mbili.

Nyie mnawasindikiza mama lishe wanaorudi usiku na kulinda maduka. Mama akimulikwa na watu waliovaa kijeshi atakimbia, na ana haki. Halafu mmesahau 2023, JWTZ ilipotoa siku 7 watu wasalimishe mavazi ya jeshi? Yale makoti ya mabaka mkiyakuta kwenye soko la mitumba la Memorial, hata kwa bei ya chee, yapiteni.

Ombeni tochi, filimbi, makoti ya mvua na vizibao vya kuakisi mwanga. Nunueni daftari gumu: kila kinachoingia kiandikwe, anayekichukua asaini, anayekirudisha asaini, na mjumbe akague kila mwisho wa mwezi. Barua yenu nileteeni niipitie kabla haijafika kwa mtendaji wa kata. Jioni nipo nyumbani.

Mzee wenu wa bohari