Mafundi siling, acheni kupaka gundi juu ya unga

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Najua barua nyingi mnazopata ni za maji kukatika na barabara za mtaani, yangu inahusu siling ya gari, usicheke kwanza, subiri nimalize.

Mimi ni dereva teksi, kijiwe changu kipo Nyegezi, gari yangu ni Toyota Spacio ya 2003, imetoka Japani ikiwa tayari imeshakula chumvi kama nyingi tunazoendesha huku. Mwaka jana kile kitambaa cha juu ndani kikaanza kuachia, kwanza nyuma karibu na mlango wa buti, kikatokeza kama kitumbua ivi, nikakibonyeza na kiganja kikarudi, nikasema basi yameisha. Wiki mbili mbele kitumbua kikawa sufuria, mwezi haujaisha likawa chandarua kabisa, yani nikiangalia kioo cha ndani sioni gari la nyuma naona kitambaa, na hapo niko kwenye barabara ya Kenyatta jioni daladala zinapita kila upande kama zimefukuzwa.

Siku iliyoniuma nilimpakia mama mmoja anaenda kwenye sendofu Buzuruga. Kapendeza, kilemba kimefungwa kimesimama, unaona kabisa mtu kakaa kwenye kioo saa nzima. Kufika Mkuyuni nasikia kimya kimya huko nyuma, nageuka namkuta kainama kichwa amekishika na mikono miwili. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hili gari lako linanivua kilemba." Tulivyofika akashuka akaanza kujikung'uta, kuna unga wa rangi ya njano njano kama wa muhogo uliokaa sana ghalani umemjaa kwenye kilemba mpaka mabegani, kitenge chenyewe cheusi. Tulikubaliana elfu 10, nikamwambia mama lipa elfu 7, akanipa 10 yote akasema katengeneze gari. Bora angenitukana.

Huo unga ndio ulionifanya niandike, nitaurudia.

Sasa mi kama wengine wote nikaanza na njia za mkato. Mke wangu ni fundi cherehani, akanipa zile pini zake zenye vichwa vya rangi, nikachoma siling nzima ikapendeza kama keki. Siku ya tatu nikapata safari ya Sengerema, unajua tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari za huko zimekuwa tamu, zamani ilikuwa unafika kivukoni unapanga foleni jua linakuchoma wewe na gari masaa, sasa hivi unapita juu ya maji kama kilomita 3 umeshavuka. Basi katikati ya daraja abiria kashusha vioo anapiga picha ziwa, upepo ukaingia, kitambaa kikajaa kama tanga la mtumbwi, pini zikaanza kuruka moja moja. Nyingine tulizipata kwa njia ya abiria kuzikalia. Safari ya kurudi ilikuwa ya kimya.

Nikaenda gereji moja, jina naliacha maana sitafuti ugomvi. Kijana akaangalia juu, hajagusa hata, akasema "Boss hiyo ni gundi tu imeisha nguvu, nusu saa, nipe elfu 50." Akachana kitambaa pembeni, akaingiza brashi na gundi ya kopo ile ya viatu, akapaka humo humo kwa kupapasa, akabonyeza na kitambaa cha kufutia. Kweli nusu saa. Kesho yake gundi ikatokeza kwa mbele mabaka mabaka, sitanii ilikuwa ramani ya ziwa, Ukerewe upande wa dereva, Ukara kadogo pembeni yake, na harufu ambayo abiria wanauliza umepakia nini. Wiki ya tatu, siku ya jua kali nimepaki pale stendi, nimerudi toka kula nikakuta chandarua kimerudi mahali pake, safari hii kizito zaidi maana kina gundi. Nikamrudia yule kijana akaniambia jua la siku hizi ni kali boss. Jua! Kana kwamba gari alidhani nailaza kwenye friji.

Ndipo mwenzangu wa kijiweni akanipeleka kwa mzee mmoja Igoma, fundi siti wa siku nyingi, kazi yake kushona siti na siling tu, injini hagusi. Yule mzee hakunitajia bei kwanza. Alivuta kitambaa kidogo, akapitisha kidole kwenye kile kibao cha juu, akanionyesha kidole, kimejaa ule ule unga wa mama wa kilemba. Akasema, "Baba, hii gundi haina kosa. Kinachokufa ni sponji."

Naomba nieleze alivyonieleza kwa sababu sijawahi kuona mtu akiiandika kwa lugha yetu na ndio siri yote ya hii kitu. Siling ya gari ina vitu vitatu. Juu kabisa kuna kibao kigumu kimeshindiliwa kwa moto kufuata umbo la paa. Chini kuna kitambaa unachokiona. Katikati kuna sponji nyembamba sana, milimita chache tu, imeshikana na kitambaa toka kiwandani, na hiyo sponji ndiyo imegandishwa na gundi kwenye kibao. Sponji hii ni ya poliyurethani, haipendi joto na haipendi unyevu, miaka ikipita inameng'enyeka yenyewe kidogo kidogo mpaka inakuwa unga. Sasa angalia gari zetu, imekuja na umri wake, ikifika inapaki juani kutwa, gari iliyofungwa vioo kwenye jua kali ndani inaweza kufika nyuzi 60, usiku inavuta unyevu wa ziwa, alafu jumamosi unaipeleka kuoshwa kijana anaisugua siling kwa maji na brashi ya kufulia eti inatakata. Kwaiyo kitambaa kinapoanguka nusu ya ile sponji imebaki juu kwenye kibao na nusu imeondoka na kitambaa, na zote mbili ni unga. Ukipaka gundi hapo umegandisha unga na unga. Hata ungepaka gundi ya kuunganishia meli itashika ule unga vizuri kabisa, alafu unga utaachia na kila kitu kitashuka pamoja.

Nilipoelewa hilo nilijiona mjinga, elfu 50 yangu nilinunulia ramani ya Ukerewe.

Bei ya mzee ilikuwa 130,000, tukavutana ikaishia 120,000, akaniambia niache gari siku mbili. Nikasema siachi, nakaa hapa hapa naangalia, akacheka akanipa ndoo nikalie. Akachomoa kwanza waya wa betri, kwasababu anafungua taa ya ndani na pia kuna magari yana eabegi za pembeni, ile mifuko ya hewa inayofumuka ajali ikitokea, zimekunjwa juu ya milango kwenye usawa wa siling, hizo akasema sio za kuchezea, ukiona maandishi ya eabegi kwenye plastiki za nguzo usimpe fundi wa barabarani mwenye bisibisi moja. Yangu haikuwa nazo. Akatoa vibao vya kuzuia jua, vishikio vya juu, plastiki za nguzo, akalegeza raba za milango pale juu, akalaza siti, wakashika watu wawili yeye na dogo wake wakatoa kibao chote kizima kwa mlango wa nyuma, taratibu kama wanabeba kioo cha kabati. Kibao kile ukikikunja kikivunjika ndio basi, hata ukivalisha kitambaa kipya mkunjo unaonekana daima. Ndio maana wengi hawatoi, wanaona kazi.

Alafu kukwangua, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Brashi ngumu, sio ya chuma, unasugua mpaka sponji yote ya zamani iondoke, unafuta, unasugua tena. Ilichukua asubuhi nzima. Mzee kila baada ya muda anapitisha kiganja, akikuta bado kinachafuka anarudisha brashi. Pale nilipodhani imeisha yeye aliona ndio imefika nusu.

Kitambaa kipya akataka chenye sponji yake nyuma. Mi nilishanunua mita 2 za kitambaa cha velveti mjini, kizuri, rangi ya damu ya mzee, akakirudisha mkononi kwangu akasema hiki mpelekee mama watoto ashonee mito. Kitambaa kisicho na sponji gundi inapenya mpaka mbele, na kila kibonde cha kibao kitaonekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Gundi yenyewe alitumia inayovumilia joto, sio ya viatu, ile ya viatu gari ikichemka inalainika tena. Akapuliza kwa kompresa kwenye kibao na kwenye mgongo wa kitambaa, akasubiri. Mi naona gundi inakauka naanza kuhangaika, namwambia mzee itakauka hiyo, akanijibu "Weka kidole." Nikaweka, inanata lakini hainifuati kidoleni. "Sasa ndio imeiva." Akalaza nusu ya kitambaa nusu ameikunja, akaanza katikati kwenda pembeni kwa kiganja, kwenye mabonde ya taa anaingiza kwa vidole pole pole bila kuvuta, maana ukivuta kikikauka kitajirudi kiachie. Kililala usiku mzima ndio kesho akakirudisha. Miezi imepita, jua nimelipaki na mvua nimeipaki, hakijatikisika.

Hoja yangu kwa mafundi ni moja tu, mwambieni mteja ukweli kabla ya kushika hela. Semeni kaka hii sponji imekufa, kuitoa na kuikwangua ni bei hii, kupaka juu juu ni bei hii na itakaa wiki chache. Mtu achague mwenyewe. Wengine watachagua ya wiki chache kweli, anauza gari jumapili anataka ipendeze, hiyo shauri yake na mnunuzi wake. (Na wewe unayenunua gari, siling mpya nyuma ina vimabaka, jiulize.) Ila kumwambia mtu gundi imeisha nguvu wakati umeona unga unakudondokea usoni, huo ni wizi hata kama ni wa elfu 50.

Na sisi madereva tusijifanye malaika. Tunaenda gereji tunataka kazi ya siku mbili kwa hela ya nusu saa, fundi akitaja 120,000 tunamwambia kuna mtu kule anafanya kwa elfu 50. Yupo kweli, na mimi nilishamlipa. Ukienda uliza maswali mawili, unatoa kibao nje au hutoi, na unakwangua au hukwangui. Akianza kuzunguka washa gari.

Kuna jambo la mwisho Mhariri, na hili linanikera hata kwa yule mzee wangu ninayemsifia. Dogo aliyekwangua kibao changu alikwangua asubuhi nzima kainamia ule unga bila kitu usoni, anakohoa anaendelea, nywele zote, kope zote za njano, mpaka chai alipokunywa kikombe kikabaki na alama ya vidole ya njano. Kisha mchana akasimama hapo hapo wakati gundi inapulizwa, mlango mmoja tu upo wazi. Nilimuuliza mzee mbona humpi barakoa, akasema amezoea. Nikaenda duka la dawa la karibu nikamnunulia boksi, dogo akavaa moja kwa aibu kidogo huku wenzake wa gereji ya jirani wanamwita daktari. Wiki iliyopita nilipita pale nimepeleka abiria Kisesa, nikamkuta yuko ndani ya Noah anakwangua, nikapiga honi, akageuka, uso wote njano. Nikamuuliza boksi liko wapi, akaniambia ziliisha, na mzee hajaleta zingine.

Dereva teksi,
Nyegezi, Mwanza