Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei kwa Mkutano Mkuu wa Parokia, Julai 2024 – Juni 2025

Baba Paroko, Baba Paroko Msaidizi, masista wetu, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wa vyama vya kitume, ndugu waamini: Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa kawaida taarifa hii huanza na paa, hesabu na idadi ya ndoa. Mwaka huu nilimwomba Baba Paroko nianze kwingine, naye akakubali.

Mwishoni mwa Mei 2024, huko Muleba, ng'ambo ya pili ya ziwa letu la Victoria, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alinyang'anywa mikononi mwa mama yake. Katikati ya Juni mwili wake ulipatikana umenyofolewa viungo. Kati ya watu waliofikishwa mahakamani alikuwemo padri wa Kanisa letu. Shauri ni la mahakama, nami silihukumu hapa. Ninachosema ni chetu sisi wa parokia hii. Jumapili iliyofuata mimi ndiye niliyesoma matangazo. Nilisoma ndoa za tangazo la kwanza na la pili, nikasoma mchango wa mabati, nikasoma zamu ya kusafisha kanisa. Habari ya Muleba sikuigusa. Nilijiambia kuwa jambo ni zito, acha wakubwa waseme kwanza.

Mlangoni alinisubiri mama mmoja wa jumuiya ya huku juu kwenye mawe. Alikuwa amembeba mgongoni mwanaye mwenye ualbino, kamfunika kwa khanga mbili. “Mama Mwenyekiti,” akaniuliza, “katika matangazo yote yale, huyu wangu yumo wapi?” Sikuwa na jibu. Mengi ya taarifa hii ni jibu lake, na limechelewa mwaka mzima.

Halmashauri ilikutana Julai, tukakaa mpaka giza likaingia. Ubishi wa kwanza ulikuwa wa neno. Nilipotaja ubaguzi wa rangi, wajumbe kadhaa walinipinga, tena kwa nia njema. Walisema ubaguzi wa rangi ni wa Makaburu na wa Marekani, na kwamba huu wetu ni ushirikina, kazi ya polisi. Mzee mmoja akatukumbusha kuwa mwaka 2020, George Floyd alipouawa na polisi kule Minneapolis, parokia hii ilimwombea. Kweli tulimwombea, na mimi nilisali kwa moyo wote. Ila sasa naona sala ile haikututoza chochote, kwa sababu mkosaji alikuwa mbali na hakuna kati yetu aliyekaa naye benchi moja.

Mtu mwenye ualbino ni mwenzetu kwa baba na kwa mama. Mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha, ile inayotia rangi kwenye ngozi, nywele na macho. Ni jambo la kurithi, na kwa kawaida wazazi wote wawili wamelibeba bila kujua, hata kama ngozi zao ni nyeusi kama yangu. Nchini kwetu inakadiriwa ni mtu mmoja katika kila watu 1,400, wakati Ulaya ni mmoja katika watu 17,000 au zaidi. Nayasema haya mbele ya mkutano kwa sababu katika parokia hii wapo akina mama wawili walioachwa na waume zao wiki ile ile ya kujifungua, wakaambiwa wameleta mkosi au wametoka nje ya ndoa. Waume hao walichangia nusu ya kilichowakimbiza. Kumtenga binadamu kwa rangi ya ngozi yake, umwite mkosi au umwite mali, jina lake ni lile lile. Baada ya saa mbili za mabishano wajumbe walikubali neno libaki kwenye muhtasari.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba kila jumuiya iliweka kando ajenda ya michango na kujibu swali moja: tukikutana na mtu mwenye ualbino, tunafanya nini? Nilihudhuria nyingi kadiri miguu yangu ilivyoweza kupanda vilima hivi. Watu walisema ukweli, nami nawashukuru, maana haukuwa ukweli wa kujivunia. Mmoja alisimulia jinsi bibi yake alivyomfundisha kujitemea mate kifuani akipishana na mtu mwenye ualbino, na kwamba hadi leo ulimi hujikusanya wenyewe. Kijana anayebeba magunia ya dagaa pale Mwaloni alisema wenzake humwita mtu wa namna hiyo “dili”, yaani kitu cha kuuza, na yeye hucheka ili asionekane mshamba. Wengine walikiri kuwa wakati wa kupeana amani huinamia kitabu cha nyimbo mpaka zamu ipite. Mama mjamzito alisema alihama benchi katikati ya Misa.

Hilo la kupeana amani lilininyima usingizi. Padri ameshasema “amani ya Bwana iwe nanyi daima”, sisi tumeitikia kwa sauti kubwa, na mkono wa mtoto umebaki umenyooshwa hewani.

Yaliyobadilika ni madogo, lakini yameonekana. Maandamano ya Ekaristi ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo tulikuwa tukiyafanya baada ya Misa ya pili, jua likiwa utosini. Mwaka huu tulitoka saa 12 na nusu asubuhi. Walionung'unika kuamka mapema niliwaomba wakumbuke kuwa saratani ya ngozi huwaua mapema wenye ualbino wengi, na jua ndilo linaloianzisha. Watoto wa Utoto Mtakatifu hawasubiri tena nje kwenye sakafu isiyo na kivuli. Mtoto mwenye ualbino haamriwi kuvua kofia kwenye rozari ya groto. Akina mama wa WAWATA waliagiza Kilisun, yale mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC kule Moshi, na wameahidi kuendelea. Tulikosea mara ya kwanza: tuliyagawa mbele ya altare, watu wakipiga makofi, na msichana mmoja wa sekondari akarudisha chupa yake. Alikuwa na haki. Sasa hupelekwa nyumbani kimya kimya.

Kuna kijana wa kidato cha pili ambaye macho yake, kama ilivyo kwa wengi wenye ualbino, hayaoni mbali na hucheza yenyewe. Aliwahi kusoma somo akiwa amegusanisha uso na kitabu, wanakwaya wakacheka, akaacha. Katibu wetu sasa humchapia somo kwa herufi kubwa nyeusi. Usiku wa Pasaka alisoma habari ya kuvuka Bahari ya Shamu, ndefu kama mnavyoijua, bila kukosea neno. Mama yake alisimama tangu mwanzo hadi mwisho.

Tukiwa katika hayo, jumuiya mbili zilileta jambo ambalo sikulitegemea. Zilisema: Mwenyekiti, wakija wageni Wazungu, wahudumu wa mapokezi huwainua bibi zetu benchi la mbele. Nilitaka kujibu kuwa huo ni ukarimu, na sisi watu wa Ziwa tunajulikana kwa ukarimu. Baba Paroko akafungua Waraka wa Yakobo, sura ya pili, pale anapoingia mwenye pete ya dhahabu akapewa mahali pazuri, na maskini akaambiwa simama kule. Alisoma, akafunga kitabu, hakuongeza neno. Mgeni mweusi kutoka Geita au Shinyanga hatujawahi kumwinulia bibi yeyote. Tangu Januari wageni wote, wa rangi yoyote, wanakaribishwa palipo na nafasi, na bibi akishakaa amekaa. Wageni waliokuja Februari walikaa nyuma kabisa kando ya ngoma, na walipoaga walisema kuwa walifurahi.

Na ipo familia yenye asili ya Goa. Babu na bibi yao wamelala kwenye makaburi yetu, na wajukuu wanasema Kisukuma kunizidi. Hata hivyo kila harambee mshehereshaji huwaita “wageni wetu Wahindi”, kisha huwatajia kiasi mara kumi ya wengine, watu wakishangilia. Baba wa familia hiyo alikuja nyumbani kwangu, akanywa chai, akasema: “Dada, nichangishe kama muumini. Sijui nitaacha lini kuwa mgeni.” Oktoba 1961, kabla hata bendera yetu haijapanda, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa kuangalia rangi. Mwalimu Nyerere alikataa kata kata na kuweka Serikali yake rehani kwa hilo. Mwanachama wa TANU alitamka kwamba binadamu wote ni ndugu zake. Wazee wengi mlioko hapa mliitamka ahadi hiyo mkiwa mmesimama wima. Kwa niaba yenu niliiomba familia ile msamaha, na mshehereshaji ameelekezwa. Harambee ya Mei walitoa walichotoa, na hakikutangazwa.

Mtakatifu Martin wa Porres, msimamizi wa moja ya jumuiya zetu, sikukuu yake, 3 Novemba, iliangukia Dominika, kwa hiyo kiliturujia haikuadhimishwa. Makatekista walimweleza kwa watoto wa komunyo ya kwanza: mzaliwa wa Lima, Peru, mwaka 1579, baba Mhispania, mama mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Sheria za nchi na za watawa wa wakati ule hazikumruhusu mtu wa damu ya Kiafrika kuwa mtawa kamili, akaingia konventini kama mtumishi, akifagia na kuuguza wagonjwa. Papa Yohane wa 23 alimtangaza mtakatifu mwaka 1962, miaka miwili baada ya kumteua Laurean Rugambwa wa Bukoba kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini Kanisa lilichelewa hivyo. Katekista alimjibu kuwa watu wa Kanisa nao walikuwa na macho ya zamani yao. Nadhani alijibu vyema.

Sasa mambo mengine. Paa la upande wa sakristia limekamilika na halivuji. Tangi la maji limewekwa, ila bomba la kwenda nyumba ya masista bado. Zaka, kama kila mwaka kwenye parokia ya wavuvi, imefuata mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika na vikapu vya sadaka hushuka. Naomba jumuiya za mjini zisiwaite wenzetu wa ziwani wazembe. Hesabu zote amezibandika mhasibu ubaoni, na atajibu maswali baada yangu. Ndoa na ubatizo vimo humo humo.

Aprili 21, Jumatatu ya Pasaka, tulipata habari za kifo cha Papa Fransisko. Kengele iligongwa, na watu walikuja bila kuitwa. Wengi walikumbuka kwamba baada ya kifo cha Floyd alisema hatuwezi kuvumilia ubaguzi wa rangi wala kuufumbia macho. Mei 8 tukampata Papa Leo wa 14, na kwaya ikaimba hadi usiku. Kwaya hiyo hiyo, mwishoni mwa Juni, ilikwenda Sengerema kwa kuvuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, siku chache baada ya kufunguliwa. Tuliozoea kulala foleni ya kivuko tulivuka kwa dakika chache tukashindwa hata kumaliza wimbo. Vijana wa VIWAWA wamefanya mafungo mawili. Wanaume wa UWAKA wanajua wenyewe kuwa hawajakutana tangu Kwaresima.

Yaliyoshindikana lazima niyataje. Familia moja yenye watoto wawili wenye ualbino ilihama Agosti, kabla hatujafanya lolote, na haikuaga. Jumuiya moja haijakaa kulijadili jambo hili hata mara moja; viongozi wake wako hapa, nitakuja mwenyewe Jumamosi ijayo. Mjumbe mmoja wa halmashauri, mchapakazi ambaye pengo lake tunalihisi, alijiuzulu akisema tunaleta siasa kanisani. Nimekwenda kwake mara tatu na nitakwenda tena. Na waganga wa ramli bado wana wateja, pamoja na Serikali kuwapiga marufuku tangu Januari 2015. Baadhi ya wateja hao hupokea komunyo kwetu. Kiongozi wa jumuiya anayejua na kunyamaza anarudia kosa langu la Juni mwaka jana.

Tulimwomba yule mama wa mlangoni awe mwenyekiti wa kamati ya haki na amani. Alikataa. Alisema atakubali siku mwanaye atakapotoka mafundisho akarudi nyumbani kwa miguu yake, peke yake, kama watoto wengine. Siku hiyo haijafika, kwa hiyo watoto saba bado wanasindikizwa na watu wazima wawili wawili kila wanapotoka kanisani. Karatasi ya zamu ya kuwasindikiza iko mezani karibu na mlango mkubwa. Jumatano na Jumamosi ya mwezi ujao hazina jina hata moja. Naomba zijazwe kabla hamjatawanyika.

Naomba kuwasilisha.