Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, pamoja na Maelezo Kuhusu Robo ya Mfuko wa Maafa

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka na kueleza kilichofanyika. Yale mnayoyajua nitayapita mbio, kwa kuwa mlikuwepo. Wale ambao hamkuwepo nitawarudia baadaye.

Kamati tendaji ilikaa mara 9. Magodoro, mablanketi na vyandarua viligawiwa kwa waathirika wa mafuriko kwa awamu 3. Visima viwili vilivyojaa tope vilisafishwa. Tulihudhuria semina 2 za tahadhari ya mafuriko, tuliwazika wenzetu 4 na kukaa na wafiwa, na tulifungua akaunti mpya baada ya ile ya zamani kulala kwa kukosa miamala. Stakabadhi zote anazo mhazini. Kwa hayo sina la kuongeza.

Nije kwenye jambo lililowafanya baadhi yenu mnipite njiani bila salamu.

Ni kweli kwamba kamati, chini ya uongozi wangu, ilitenga robo ya mfuko wa maafa kwa kazi ambayo kwenye maandiko ya miradi huitwa uchechemuzi, yaani kuwashawishi serikali na watunga sheria wabadilishe kanuni. Mwanachama mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, aliniuliza kama neno hilo linatokana na kuchechemea. Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Watu walichangia wakiona picha za maji yamefika madirishani. Walidhani kila senti itakwenda kwenye bati na saruji, halafu wanasikia kuna wakili amelipwa, kuna fomu za saini zimechapwa, kuna wajumbe wamesafiri kwenda kuonana na kamati ya bunge. Ningekuwa nimekaa kwenye kiti chenu na mimi ningenung'unika, ila ningenung'unika ndani ya mkutano, si kwenye kundi la simu saa 6 usiku.

Sababu yenyewe ni hii. Serikali ilipotangaza ruzuku ya kujenga upya, ilitaka hati ya umiliki. Wengi wa tunaowahudumia wanaishi kwenye viwanja walivyoachiwa na wazazi, ambao nao waliachiwa na wazazi wao, na jina lililoandikwa huko masjala, kama lipo, ni la babu aliyezikwa zamani. Siku ya kuandikisha nilikuwa mezani na katibu. Akaja mama mmoja mjane na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na karatasi zilizogandana kama mkate wa jana. Alizibandua moja moja kwa ncha ya kisu, taratibu, foleni nzima ikimsubiri. Ya mwisho ndiyo aliyokuwa akiitafuta: hati ya makubaliano ya kugawana kiwanja. Muhuri ulikuwa umeyeyuka ukawa doa la zambarau na saini hazisomeki. Karani wa serikali akamrudishia na kumwambia, mama, hii si hati. Jirani zake wote walikuwa nyuma yake kwenye foleni ile ile, wanamjua, wamezaliwa wakamkuta pale. Ushahidi wao haukuwa na kisanduku kwenye fomu.

Ningeweza kumpa godoro. Tulimpa. Ila godoro analiweka wapi?

Usiku ule ule niliandika barua ya kwanza kwa mkono wangu, kwenye daftari la mwanangu, nikiomba kiapo cha mwombaji pamoja na ushahidi wa majirani vikubalike mahali pa hati. Nataja hili kwa sababu zipo taarifa zinazozunguka kwamba wazo lilikuwa la mtu mwingine. Daftari ninalo.

Wala hili si jambo la kubuni. Baada ya kimbunga Maria kuipiga Puerto Rico mwaka 2017, maelfu ya waombaji walinyimwa msaada wa shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia maafa, kwa sababu nyumba zao ni za urithi na hawakuwa na hati. Mawakili wa msaada wa kisheria na vyama vya wananchi walibana mpaka kiapo kikakubalika kule, na mwaka 2021 shirika hilo lilipanua aina za uthibitisho linazopokea nchi nzima. Piga hesabu wenyewe: mshahara wa mawakili wachache upande mmoja, misaada iliyofunguka kwa kaya zilizokuwa zimekataliwa upande wa pili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kobe, Japani. Tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,400 na kuangusha kabisa nyumba zipatazo 100,000. Wajapani walichanga sana, na watu zaidi ya milioni 1 walikwenda kujitolea. Lakini michango ile ikigawanywa kwa nyumba nyingi kiasi hicho, fungu la kila kaya halikutosha kusimamisha nyumba. Serikali nayo ilishikilia kwamba fedha za umma hazijengi mali ya mtu binafsi. Wananchi, wakiwemo vyama vya ushirika na mwandishi Makoto Oda, wakaamua kudai sheria. Zilikusanywa saini zipatazo milioni 24. Mwaka 1998 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwasaidia waathirika kurudisha maisha yao, kwanza kwa kiwango cha juu cha yeni milioni 1 kwa kaya. Mwaka 2004 kiwango kikapandishwa hadi milioni 3, na marekebisho ya 2007 yakaruhusu fedha hizo zitumike kujengea nyumba. Tangu hapo, kila tetemeko kubwa likipiga Japani sheria iko pale inasubiri, hakuna haja ya kuanza upya kupitisha bakuli.

Michango yetu ni bakuli. Naomba nisieleweke vibaya, kwa bakuli hilo ndiko tulikoanzia, na waliotoa Mungu awabariki. Ila hisani inakwenda kamera zinakokwenda. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 tathmini ya pamoja ya mashirika ilikadiria kuwa zilipatikana zaidi ya dola 7,000 kwa kila mwathirika, ilhali walioathirika na mafuriko ya Bangladesh mwaka huo huo walipata kama dola 3 kwa kichwa. Madaktari Wasio na Mipaka walifika mahali pa kuwaambia wachangiaji wao inatosha, pelekeni kwingine. Kimbunga Idai kilipoikumba Msumbiji Machi 2019, mahitaji ya kujenga upya yalikadiriwa kuwa dola bilioni 3.2, mkutano wa wafadhili uliofanyika Beira ukaishia na ahadi za bilioni 1.2, na ahadi tunazijua. Haiti, baada ya tetemeko la 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 488. Mwaka 2015 waandishi wa habari wa huko huko Marekani wakaripoti kuwa nyumba za kudumu zilizojengwa zilikuwa 6. Shirika lilijitetea kwamba limefanya mengine mengi, na kwamba migogoro ya umiliki wa ardhi ilikwamisha ujenzi. Sichukui upande. Nasema tu: umesikia neno ardhi?

Sasa niingie kwa mfadhili, maana huko ndiko kulikonitia doa.

Mfadhili wa awamu ya kwanza alikuwa tayari kutoa awamu ya pili. Simtaji jina. Rasimu ya mkataba ilipofika, kwenye ukurasa wa 11 palikuwa na kifungu kinachotuzuia "kujihusisha na masuala ya kisiasa kwa namna yoyote". Niliuliza kwa barua: kumwandikia mbunge kuhusu fomu ya ruzuku ni siasa? Jibu lilikuja baada ya wiki 5, likisema tutumie busara. Mimi na makamu tukatumia busara, hatukusaini. Ndiyo maana awamu ya pili haikuja, na ndiyo maana mnaambiwa mwenyekiti amewakosesha fedha.

Wanaosema hisani na siasa havikai chungu kimoja watazame nchi ambako wafadhili wakubwa wanatoka. Marekani, tangu mwaka 1976, sheria ya kodi inaliruhusu shirika la hisani lililojiandikisha kwa utaratibu huo kutumia hadi asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake kuwashawishi watunga sheria. Kilichokatazwa kabisa ni kumpigia debe mgombea. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, kina mama zaidi ya 100 wa New Orleans walipanda ndege Januari 2006 kwenda Washington, wameshika miavuli ya rangi ya buluu kama yale maturubai yaliyofunika mapaa yao, kuwaalika wabunge waje wauone uharibifu kwa macho. Hakuna aliyewaita wanasiasa. Kituo kimoja cha kutetea haki ya makazi mjini humo kilikwenda mahakamani mwaka 2008 kwa sababu ruzuku ya kujenga upya ilipimwa kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga pale ilipokuwa ndogo kuliko gharama za kujenga. Mtu wa mtaa wa weusi, ambako nyumba huthaminiwa chini, akapata kidogo kwa tofali lile lile. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2011. Kanuni ya hesabu, ndugu zangu, inaweza kumnyang'anya mtu zaidi ya mafuriko.

Najua yuko atakayenyoosha kidole kusema robo ni asilimia 25, si 20. Nimeshaiona hoja hiyo. Kwanza sheria ile si yetu. Pili, katika robo ile zaidi ya nusu ilikwenda kwa wakili aliyewaandalia viapo waombaji mmoja mmoja, na hiyo ni huduma, si ushawishi. Na hapana, wakili si shemeji yangu. Ni shemeji wa makamu, na makamu alitoka nje ya chumba wakati wa kupitisha jina lake. Imo kwenye kumbukumbu za kikao.

Hoja iliyobaki, ambayo naikubali nusu, ni kwamba hamkuulizwa. Uamuzi wa uzito huu ulipaswa kupita kwenye mkutano wa dharura. Niliitisha. Tuko wanachama 212 na akidi ni 71. Mara ya kwanza mlifika 38. Tulisubiri saa 2 na nusu, viti vimepangwa, spika inakoroma, tukaahirisha. Mara ya pili mlifika 29, na kati yao 6 walikuja kuulizia magodoro. Muda wa kupeleka maoni kwa kamati ya bunge ulikuwa umebaki siku 8. Kamati ikaamua. Kama ni kosa, nimelibeba. Ila anayekulaumu kwa kutomsubiri na aseme alikuwa wapi.

Kuhusu ada. Waliolipa yote ni 79, waliolipa kidogo kidogo ni 24, ambao hawajalipa chochote ni 109. Mwenzetu aliyeandika ujumbe mrefu kuliko wote kunituhumu ana deni la miaka 3. Sitamtaja, mhazini anamjua na yeye anajijua. Nyimbo za kwamba vyama vya wenyeji vipewe fedha moja kwa moja tunaziimba sote. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada waliahidi kule Istanbul kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada zitawafikia wenyeji, na hawakufika popote karibu. Lakini mfadhili akija kesho na kuuliza nyie wenyewe mnachangia nini, nimwonyeshe daftari lipi?

Matokeo ya kazi yenyewe: saini 3,140 ziliwasilishwa, nyingi zikiwa dole gumba. Kamati ya bunge ilitupokea, ilitusikiliza kwa dakika 40, na mjumbe mmoja aliuliza maswali ya maana. Tumeambiwa kanuni zinapitiwa upya. Kipengele cha ushahidi wa majirani kimeingia kwenye rasimu, kikiwa na maneno karibu sawa na ya barua yangu. Rasimu si kanuni, nalifahamu hilo. Yule mama mjane bado yuko chini ya turubai.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, mambo yakienda vizuri, kuendelea kuifuatilia rasimu, kutafuta mfadhili mwenye moyo mpana zaidi, kuimarisha uhusiano na wadau, na ikiwezekana kupata ofisi yenye mlango unaofungwa. Tunafikiria pia kuwa na tovuti. Bajeti itategemea ada, kwa hiyo msinibane kwa tarakimu.

Namshukuru katibu kwa uvumilivu, mhazini kwa ukali wake, na familia yangu, ambayo imelipia sehemu ya nauli ambazo sikuzidai. Uchaguzi wa viongozi ni ajenda ya 7 leo. Nimechukua fomu. Wasiolipa ada, kwa mujibu wa ibara ya 14, hawapigi kura; mhazini amekaa karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi kiko wazi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti