Jengo la kijani lahesabiwa kuanzia wapi?

Mhariri,

Nimechoka na haya matangazo ya fleti za Nyali na Kizingo, ati jengo la kijani manake juu kuna sola na taa ni za LED. Sawa, bili ya stima itashuka, lakini mbona hakuna anayetwambia hilo jengo lenyewe limekula moto kiasi gani kabla mpangaji wa kwanza hajaingia?

Na hesabu iko. Chukua mfuko wa simiti wa kilo 50. Tanuri la klinka (mawe yaliyochomwa ambayo husagwa yakawa simiti) lafika digrii 1450, na ukipiga hesabu kutoka timboni hadi geti la kiwanda kila kilo imemeza nishati ya kama megajuli 5, yaani mfuko mmoja ni sawa na karibu yuniti 70 za stima, na hapo hata lori halijapakiwa. Aluminiamu ndio balaa kabisa, kilo moja mpya ni kama megajuli 200, ya kuyeyusha chakavu ni kidogo sana ukilinganisha, na hizo fleti ni madirisha ya aluminiamu juu hadi chini. Tena mtu asiniambie stima ya Kenya ni ya mvuke na maji kwa hivyo tuko salama, moto wa tanuri la simiti ni wa makaa ya mawe na mafuta, na jiwe lenyewe la chokaa likichomwa latoa kaboni.

Uingereza wako na jedwali la Hammond na Jones wa Chuo Kikuu cha Bath, linaloonyesha kila kifaa cha ujenzi kimemeza nishati kiasi gani, vifaa chungu nzima, ila ni la viwanda vya kwao, huwezi kulibeba hivi hivi ukapimia jiwe la Kilifi.

Kinachoniuma zaidi ni nyumba za zamani. Ziliungwa kwa chokaa, na chokaa ni laini, fundi akigonga kidogo na nyundo jiwe la matumbawe latoka zima, ukalijengea tena. Jaribu hivyo na ukuta wa simiti uone, jiwe lapasuka kabla simiti haijaachia. Lakini juzi mtaani kwetu buldoza lilipita, nyumba nzima ikawa kifusi kikaenda kujaza shimo, kisha lori la mabloki mapya hilo linaingia.

Sisemi turudi sote kwa boriti za mikoko, ghorofa kumi haziendi hivyo, na mikoko tushaikata vya kutosha (matimbo nayo yaacha mashimo, hilo najua).

Ombi langu kwa kaunti ni dogo. Kwantiti savea tayari anaandika mifuko na tani za vyuma kwa sababu ya pesa, basi aongeze safu moja ya megajuli kabla plani haijapigwa muhuri. Na anayetaka kibali cha kubomoa aonyeshe kwanza mawe yatang'olewa vipi na yanaenda kujenga wapi.

Msomaji wenu,
Makadara, Mombasa