Kama pesa si hoja, nunueni nyumba Mkomani na mkae humo

Mhariri,

Swali la "ukipewa pesa bila hesabu, ungekaa wapi?" halikosi barazani hapa kisiwani Lamu baada ya sala ya alasiri, na majibu hayabadiliki sana. Wengi huchagua Shela, kijiji jirani, ufukweni kabisa, nyumba nyeupe yenye madirisha makubwa yanayotazama maji. Wengine huchagua Malindi, kwa kuwa gari linafika mlangoni na Mombasa iko karibu kilomita 120 tu. Sisi tunaokarabati nyumba za mawe tuna jibu jingine: Mkomani, ndani ya mji wa kale wa Lamu, mtaa wa pili au wa tatu kutoka baharini, nyumba ya kale ya mawe ya tumbawe, na mwenyewe akae humo mwaka mzima.

Tuanze na huo ufuko unaopendwa. Kusi ikivuma, tangu Aprili hadi Septemba, hewa ya pwani hubeba chumvi mchana na usiku. Nyumba nyingi mpya za ufukweni zimejengwa kwa zege na nondo. Chumvi hupenya zege kidogo kidogo mpaka ifikie chuma. Chuma kikishika kutu hufura, na zege hupasuka kutoka ndani. Dalili ya kwanza ni ufa mwembamba ulionyooka, unaofuata nondo chini ya dari, na doa la kahawia pembeni yake. Hapo kupaka rangi ni kuficha ugonjwa. Zege lazima libomolewe hadi nyuma ya nondo, kutu isuguliwe mpaka chuma king'ae, ndipo lijazwe upya. Anayeshikilia kujenga pale ahakikishe nondo imefunikwa kwa zege lisilopungua sentimita 5 kila upande, na asikubali mchanga wa pwani hata gunia moja, kwa sababu huo unakuja na chumvi yake tayari.

Nyumba ya kale ya Mkomani haina nondo. Vishoroba ni vyembamba, nyumba zimesogeleana, moja inamkinga mwenzake jua na upepo wa chumvi. Saa saba mchana, wakati mchanga wa Shela hauwezi kukanyagwa kwa miguu mitupu, kishorobani kuna kivuli.

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo pesa hudanganya watu zaidi. Maji matamu ya kisiwa yamo chini ya milima ya mchanga ya Shela. Mvua hunywewa na mchanga, hushuka, kisha hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Hesabu yake inajulikana: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina karibu mita 40 chini ya usawa huo. Ukikishusha kimo cha juu kwa nusu mita tu kwa kupiga pampu kupita kiasi, maji ya chumvi yanaweza kupanda hadi mita 20 kutoka chini. Kisima kikishaingia chumvi, kukipumzisha wiki mbili hakukitibu. Kwa hiyo tajiri anayejenga juu ya milima ile, akaweka bwawa la kuogelea na bustani ya nyasi, anagusa maji ya watu wa mjini wasiomjua. Tunaliona hili kuwa kosa, na tunasema wazi kwamba milima ya mchanga isijengwe kabisa, hata kwa mwenye pesa zisizohesabika.

Visima vya ndani ya Mkomani navyo visitegemewe kwa kunywa. Mashimo ya choo yako karibu mno. Kisima kinatakiwa kiwe mbali na shimo kwa mita 30 hivi, na katika mtaa ambao kuta zimegusana nafasi hiyo haipo. Maji hayo ni ya kufulia na kusafishia. Ya kunywa yatoke juu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Sakafu ya juu, ambayo ndiyo paa la nyumba, ikiwa na mita 80 za mraba, kwa mvua ya karibu milimita 900 kwa mwaka, ukitoa sehemu moja kati ya tano inayopotea, hutoa kama lita 57,000. Watu sita wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku wanahitaji lita 109,500 kwa mwaka. Mvua basi ni nusu ya mahitaji, na sehemu kubwa yake hushuka Aprili hadi Juni. Bila tangi kubwa itakwenda baharini. Kwa pesa ambayo mtu angeweka kwenye bwawa la kuogelea, achimbe tangi la lita 30,000 chini ya kiwanda, yaani ule ua wa ndani, na mvua ya mwanzo ya msimu aiache ipite nje kwanza, kwa kuwa imebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Sasa nyumba yenyewe. Ukitoka kishorobani unaingia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lenye baraza mbili, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwanda penye mwanga, kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, mpaka ndani, chumba cha mwisho, na kila hatua mwanga unapungua na baridi inaongezeka. Vyumba ni virefu lakini upana wake ni mita 3 au pungufu. Mgeni hudhani ni ubahili wa mjenzi. Upana huo umepimwa kwa boriti ya mkoko, ambayo ikizidi hapo hupinda. Juu ya boriti, zilizopangwa kila baada ya shubiri, huja mawe mabapa ya tumbawe, halafu kifusi na chokaa iliyopondwa. Unene wote ukifika sentimita 30, mita moja ya mraba ina uzito wa nusu tani, na hiyo ni sakafu kavu.

Kosa linaloua sakafu hizi ni la nia njema. Dari likivuja, fundi huambiwa aongeze tabaka la chokaa juu. Mwaka wa tatu linavuja tena, anaongeza jingine. Baada ya miaka thelathini unene umefika nusu mita na boriti zinanung'unika. Kabla ya kununua, panda juu, tafuta ukingo ulio wazi, upime. Ukikuta zaidi ya sentimita 35, weka akilini gharama ya kukwangua tabaka zote hadi kwenye mawe. Kisha shuka na msumari wa inchi 4. Boriti haiozi katikati; huoza mwisho, pale inapoingia ukutani na kunywa unyevu. Choma msumari mahali hapo, kila boriti, pande zote mbili. Ukizama kwa mkono bila nyundo, boriti hiyo imekwisha. Hubadilishwa moja moja, nguzo za kuegemeza zikiwa pande zote mbili, wala usikubali fundi atoe tatu kwa pamoja ili amalize haraka. Mikoko hukatwa kwa kibali, kwa hiyo agiza miezi kadhaa mapema, na mwambie mwuzaji boriti zisiwe mbichi.

La saruji tunalirudia kila mara na bado linafanyika. Ukuta wa tumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hauna pa kutokea; hupanda juu zaidi, ukibeba chumvi, na chumvi hiyo hugeuka punje nyuma ya lipu na kuisukuma. Utaona lipu imevimba kama mkate, ukiigonga inalia tupu. Ikianguka inakwenda na uso wa jiwe, na mara nyingi na zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya chokaa vilivyochongwa kwa mkono, ambazo mafundi wanaoweza kuzirudisha ni wachache sana. Dawa ni kubandua saruji yote, kusugua chumvi kwa brashi kavu, na kuuacha ukuta ukauke msimu mzima wa kaskazi. Brashi iwe kavu, kwa sababu maji huirudisha chumvi ndani. Halafu piga chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki nne au zaidi, sehemu 1 kwa mchanga 3, mchanga wa shimo usio na chumvi, kila tabaka lisizidi sentimita moja. Funika kwa magunia yaliyolowa kwa wiki nzima. Chokaa ikikaushwa na jua siku ya kwanza hupasuka kama tope la kiangazi.

Kuhusu hati tutakuwa wafupi, lakini msilipuuze. Nyumba nyingi za Mkomani ni za mirathi, na warithi huenda wakawa Mombasa, Zanzibar na Maskati. Sahihi ya mmoja haitoshi hata akiwa ndiye mwenye ufunguo. Ulizeni kwa Kadhi kama mirathi imegawanywa, na kama nyumba au sehemu yake si wakfu. Ulizeni pia ghorofa ya juu ni ya nani, na wikio, yaani chumba kilichojengwa juu kikivuka kishoroba, ni la nyumba ipi. Asiye raia, kwa Katiba ya 2010, hawezi kumiliki zaidi ya miaka 99. Na kwa kuwa mji wa kale uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, msibomoe wala kuongeza ghorofa bila idhini ya Makumbusho ya Taifa.

Malindi hatuidharau. Mwenye mgonjwa wa kupelekwa hospitali mara kwa mara, au mzee asiyeweza kupanda na kushuka mashua, akae kule. Mvuko wa Mokowe, gati la upande wa bara, usiku wa kusi si wa kila mtu.

Tunaloliomba kwa hao ambao kweli pesa si hoja ni kwamba wasinunue nyumba ya mawe ya kuja wiki mbili za Desemba na kuifunga. Nyumba hizi zikifungwa huoza. Majani huziba mirizabu, maji husimama juu ya sakafu, mti wa mtini huota kwenye ufa, na ndani hewa haitembei. Kama hamwezi kukaa, wekeni familia ya mtaani ikae bila kodi, kwa masharti ya kuandikiana: sakafu ifagiwe na mirizabu izibuliwe kila Machi kabla ya masika, nyufa zijazwe chokaa, madirisha yafunguliwe kila siku, na birika, yaani tangi la maji la chooni, lisikauke.

Na siku ya kwenda kuitazama nyumba, nendeni Mei, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, msiende Februari. Ingieni chooni, mwiname juu ya birika. Watu wa kale walijengea bakuli la kaure chini kabisa, ili maji yakipungua samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wapate pa kubaki. Mkiwaona samaki wanazunguka ndani ya lile bakuli, ulizeni ni nani anayewatia maji, mzungumze na huyo kabla ya dalali.

Waashi wa nyumba za mawe,
Mkomani, Lamu